Mlango Ndani ya Mche wa Sabuni

Mlango upo. Nimekana kwa miaka yote niliyoshika funguo za uwanja ule. Nimekana mbele ya wakuu wangu wa kazi, mbele ya waandishi wa habari, mbele ya mume wangu, na wiki iliyopita, nikiwa tayari mstaafu nisiyedaiwa jibu na mtu yeyote, nimekana tena kwa simu. Katika ukuta wa uwanja wetu wa mpira, upande wa mashariki unaotazama nyumba za Nguvumali, kuna mlango ambao haumo kwenye ramani yoyote. Niliutoboa mimi. Mtaimbo sikuushika, maana mikono yangu ni ya kushika kalamu, na hata kalamu huwa inaniponyoka. Lakini wazo lilikuwa langu, amri ilikuwa yangu, na uongo wote uliofuata ni wangu pia.

Nakiri sasa kwa sababu mkaguzi ameuona. Uwanja umetoka kwenye ukarabati mkubwa, na huyo bwana amekuja kuamua kama unafaa kuchezewa mechi za ligi. Akisema haufai, timu ya mji itahamishia mechi zake za nyumbani kwenye mji wa watu, na sisi tutakaa barazani tukiisikiliza timu yetu redioni kama watu waliokosa nauli ya kwenda harusini. Aliyenipigia ni Mhina, kijana wa Muheza aliyerithi ofisi yangu pamoja na feni yake isiyozunguka. "Mama, mkaguzi anauliza ule mlango wa mashariki ni wa nini na nani aliuruhusu." Nami, kwa ulimi uliokwisha kuzoea, nikamjibu, "Mlango gani?"

Jibu la ukaguzi bado halijatoka. Basi tukiwa tunalisubiri, nawaandikia ninyi mnaokuja nyuma yangu katika kazi hii, mjue uwanja mliokabidhiwa ulikuwaje, na kama utafungiwa, mjue mumlaumu nani.

Nilifika pale nikitokea chuo kikuu na shahada ya historia, na imani kwamba kila jambo duniani lina sababu iliyoandikwa mahali. Nadhani nilipangiwa uwanja kwa kuwa makumbusho hayakuwa na nafasi. Kuhusu mpira nilijua kwamba ni wa duara. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino kirefu, nikaenda moja kwa moja kujionyesha katikati ya nyasi, na visigino vikazama ndani ya eneo la penalti. Nilipokuwa nachomoa mguu akatokea mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua iliyofubaa, akayatazama matundu niliyoyaacha.

"Mwanangu, haya matundu umeyatoboa wewe?"

"Shikamoo, mzee. Ni mimi. Naomba radhi."

"Marahaba. Radhi si kitu. Simama hapohapo mpaka watu wa timu waje wakione hicho kiatu. Wakikuta matundu bila kisigino, Jumamosi hakuna mechi."

Nilidhani ananitania. Nikasimama juani, kwa adabu tu, mpaka alipokuja katibu wa timu moja na wenzake. Katibu akachutama, akaingiza kidole katika tundu, akakinusa, akautazama mguu wangu kwa muda ambao katika mazingira mengine ungemletea matatizo, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ni kiatu," akawaambia wenzake. Wakaondoka bila kunisalimu. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi.

Yule mzee aliitwa Mbaruku, mtu wa Mkwaja, na ndiye aliyekuwa mtunza nyasi. Alinifundisha kanuni ambazo sikuzikuta katika mwongozo wowote. Usichimbe chochote baada ya Jumatano, hata kama nguzo ya goli imeinama. Ukichimba, chimba mchana kweupe, watu wakikuona, na udongo uuache wazi mpaka kila mwenye shaka aje auguse. Siku ya mechi usimwage maji uwanjani, maana maji ya siku ya mechi hayawi maji matupu. Kila timu ilikuwa na chombo kilichoitwa kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe haukuhusu pasi wala kona. Kazi ya kamati ilikuwa kuhakikisha kwamba wapinzani hawajafukia kitu, na kama wamefukia, kufukia kikubwa zaidi.

Msidhani Mbaruku alikuwa bingwa wa kila kitu. Alikuwa mbishi, na alipokosea aliwasingizia wengine. Mistari ya uwanja tuliichora kwa toroli la chokaa, na ili inyooke tulivuta kamba ya katani kutoka kigingi hadi kigingi. Sasa katani ikilowa hufupika. Mwaka mmoja wa masika, Mbaruku akapima eneo la penalti kwa kamba iliyolala nje kwenye mvua, na eneo likawa dogo kiasi kwamba kipa akidaka mpira miguu yake ilikuwa nje ya mstari. Wachezaji wakalalamika. Mbaruku akawaambia kwamba vijana wa siku hizi wamekuwa na miguu mirefu mno. Mimi, msomi, nikamwamini, na nikaandika hivyo kwenye taarifa yangu. Kama bado mnayo kamba ya katani stoo, ianikeni kwanza.

Uwanja wenyewe wakati ule ulikuwa na ukuta wa mawe ya matumbawe, jukwaa moja la mbao lililoezekwa mabati, na nyasi zilizoota pale zilipotaka. Matokeo yalitundikwa kwa vibao vya namba kwenye msumari. Kibao cha tano kiliibwa kabla sijafika, basi timu ikifunga goli la tano tulitundika cha nne na mtu mmoja akasimama kando yake akiwa ameinua kidole. Nje ya geti palijaa baiskeli, maana Tanga ilikuwa mji wa baiskeli. Wauza machungwa ya Muheza walimenya mchana kutwa, na mechi ikiisha maganda yalikuwa yametanda mpaka barabarani, ukayasikia yakilia chini ya miguu ya watu. Nilichukia mpira kwa msimu mmoja hivi. Baadaye nikaanza kugundua kwamba siku zisizo na mechi nakwenda kazini bila furaha.

Tatizo kubwa la uwanja lilikuwa ukuta wa mashariki. Timu zilikuwa haziingii getini. Geti, kwa mujibu wa kamati za ufundi, ndipo mahali pa kwanza adui anapoweza kukuwekea kitu, na mwenye akili hapiti hapo. Basi basi la timu lilisimama uchochoroni, wachezaji wakafunga viatu shingoni, wakaparamia ukuta mmoja mmoja na kurukia ndani. Timu ngeni ziliruka, timu za nyumbani ziliruka, hata timu za shule ziliruka kwa kuwaiga wakubwa. Kila msimu mawe yalimomonyoka, na kila msimu tulimwita Fundi Gasto kuyarudisha.

Gasto alikuwa mwashi, mtoto wa manamba wa mashamba ya katani, Mkatoliki asiyekosa Jumapili. Siku moja aliniambia akiwa juu ya ngazi, "Dada Zuhura, ukuta huu nimeujenga mara nyingi kuliko nilivyokwenda kanisani. Na kanisani sikosi."

"Ujenge mrefu zaidi, wasiweze kupanda."

"Wataleta ngazi. Na ngazi wataiacha hapa, tutalaumiwa sisi kwamba imefungwa kitu."

Nilicheka. Nilikuwa bado nacheka kuhusu ukuta ule mpaka alipoanguka kipa. Alikuwa kijana wa Moa, mara yake ya kwanza kupangwa kikosi cha kwanza. Jiwe likachomoka mkononi mwake, akaangukia ndani, na mkono ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Nilimpeleka hospitali mimi kwa pikapu ya uwanja. Njia nzima alilia, na nilipomwambia avumilie, maumivu yatapoa, alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Si mkono, mama. Mama yangu amekuja kunitazama. Yumo mle ndani amekaa. Hajui kama nimeanguka." Tulipofika, nesi akamchukua, nami nikarudi uwanjani kumtafuta mwanamke nisiyemjua katikati ya watu wanaoshangilia. Nilimkuta jukwaani, amevaa kanga mpya, akimtazama kipa mwingine na kujaribu kuamini kwamba ni mwanawe.

Jumatatu nilimwita Gasto na Mbaruku ofisini. Nikamwambia Gasto, "Toboa mlango."

Mbaruku akapinga papo hapo. "Ukiweka mlango, utakuwa geti. Na geti hawapiti."

"Hautakuwa geti," nikasema. "Hautakuwepo."

Wakati huo kampuni moja ya sabuni ilikuwa imeomba kuchora tangazo lake kwenye ukuta ule kwa nje. Mchoraji alitaka kuchora mche wa sabuni uliolala. Nilimshawishi kwamba sabuni iliyosimama inaonekana safi zaidi. Akachora mche wa bluu uliosimama wima, wenye urefu wa mtu na upana wa mtu asiyenenepa sana, na mche huo ndio ulikuwa mlango. Gasto aliubandika ubao uliolingana na ukuta, ukapigwa rangi ileile, bila kitasa wala tundu la ufunguo kwa nje. Ulifunguka kwa ndani tu, kwa komeo, na komeo lilikuwa chini ya mamlaka yangu. Nimepata kuandika makala kadhaa maishani ambazo watu wachache walizisoma. Naamini mlango ule ndio kazi yangu bora.

Kisha nikamwita katibu wa kila timu, kwa wakati wake, tukanywa kahawa, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuna njia ambayo wapinzani hawaijui, na kwamba nampa yeye peke yake. Kila mmoja aliapa. Kila mmoja alitoka akiwa na uso wa mtu aliyeachiwa urithi. Ratiba ndiyo iliyokuwa kazi ngumu: wenyeji niliwaingiza mapema kabla geti halijachangamka, wageni niliwaingiza wakati watu wako kwenye sala ya alasiri. Misimu ikapita. Timu zote zilipita mlango mmoja, kila moja ikiamini kwamba imepita peke yake, na ukuta wa mashariki haukudondosha jiwe tena. Wakuu wangu waliponiuliza siri ya ukuta kudumu, nikasema ni saruji.

Mambo yaliharibika siku ya mechi ya timu zetu mbili za mjini, ambazo hapa nitaziita ya Sokoni na ya Relini. Mechi ile hugawa nyumba. Namfahamu mke na mume wa Nguvumali ambao wiki yake nzima walikuwa wakiombana chumvi kupitia kwa mtoto. Siku hiyo basi la Sokoni liliharibika njiani likachelewa, na Relini kwa kuogopa mvua wakawahi. Nilipofungua komeo na kutoa kichwa, nilikuta timu zote mbili uchochoroni, zimetazamana.

"Bi Zuhura!" akaita katibu wa Sokoni. "Hawa wanafanya nini kwenye mlango wetu?"

"Mlango wenu?" akadakia wa Relini. "Yakhe, huu mlango tumepewa sisi, zamani sana!"

"Mmepewa na nani?"

Wakanigeukia wote. Nilikuwa nusu ndani nusu nje, kichwa changu kimetokeza kwenye tangazo.

"Umetuuza, mama," akasema wa Sokoni, na macho yake yalikuwa yamelowa kweli.

"Sijauza. Nimegawa."

"Siri haigawiwi!"

Huko ndani watu walikuwa wameshaanza kupiga mabati ya jukwaa. Mwamuzi alituma mtu kuuliza kulikoni. Hakuna timu iliyokubali kupita kwanza, maana wa kwanza anakanyaga kisichojulikana. Hakuna iliyokubali kupita ya pili, maana wa kwanza anaweza kuacha kitu. Getini hawaendi, ukutani wanaona aibu kupanda mbele ya wapinzani. Ninavyowajua watu wa mji huu, mechi ile ikivunjika mabati hayatabaki juu ya jukwaa. Nyuma yangu Mbaruku akanong'ona, "Si nilikwambia?" Hili hakuwa ameniambia.

"Sikilizeni," nikasema. "Mtaingia wawili wawili. Mmoja wa huku, mmoja wa kule, kwa mguu mmoja. Hakuna wa kwanza, hakuna wa pili."

"Mlango mwembamba huo!"

"Mtageuka ubavu."

Makatibu wakaenda kando na kamati zao, wakabishana, wakarudi. Wakakubali. Basi nikasimama kando ya komeo nikawatazama wanaume wazima wa Tanga wakipita ndani ya mche wa sabuni wawili wawili, kifua kwa kifua, kila mmoja akichunga mguu wa mwenzake usitangulie. Mshambuliaji wa Sokoni aliangukia kwa beki wa Relini ambaye ndiye angemkaba mchana ule.

"Punguza tumbo, yakhe."

"Tumbo lako hilo. Langu nimeliacha nyumbani."

Wakanasa. Gasto akawasukuma kwa bega. Wakatokea ndani wakicheka, kisha wakakumbuka kwamba ni maadui, wakaachana. Mechi ikaisha sare na kila upande ukasema umeibiwa. Mwandishi mmoja aliyeona timu zikitokeza pamoja kutoka nyuma ya jukwaa akaandika kwamba Tanga imeonyesha ungwana wa kimichezo. Niliikata ile habari nikaitunza, na alipokuja kuniuliza waliingilia wapi, nikamwambia getini.

Baada ya siku ile siri ikawa ya mji mzima, na ikatunzwa vizuri kuliko nilipoitunza peke yangu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kukiri kwamba amepitia pale pamoja na wapinzani. Sabuni ilipakwa rangi upya kila ilipofifia. Kampuni yenyewe iliacha kutengeneza sabuni ile, lakini mche ukabaki ukutani, na wageni wa mji wanadhani ni sanaa.

Polepole uwanja ukabadilika, na nasema kwa fahari kwamba nilikuwepo kila mara. Baiskeli zikapungua nje ya geti, bodaboda zikachukua nafasi, na kelele zikahamia kwenye mafuta. Nyasi zikapandwa kwa mistari. Jukwaa la mbao likashushwa, na siku lilipoangushwa Mbaruku, akiwa ameshastaafu, alikuja akakaa kwenye kiti cha plastiki akawaelekeza wabomoaji namna ya kubomoa, ingawa hawakuwa wamemuuliza. Alifariki kabla ya taa za uwanja kuwashwa. Taa zile ziliponiwakia usoni jioni ya kwanza, na nyasi zikaonekana kila jani, niliinamia meza ya ofisini nikajifanya natafuta miwani.

Ukarabati wa mwisho ndio uliotaka kuumaliza mlango. Mhandisi alipanga kubomoa ukuta wa mashariki na kuweka wa zege. Alipita akigonga kwa ncha ya peni, akafika kwenye sabuni, ikalia mbao. Akagonga tena. Nikaanza kumhutubia palepale kuhusu mawe ya matumbawe, ufundi wa kale wa pwani, na wajibu wa kizazi kwa kizazi. Nilizungumza mpaka akachoka. Ndiyo mara pekee shahada yangu ya historia ilipofanya kazi iliyosomewa, na ilifanya kazi hiyo kwa kusema uongo kuhusu ukuta ambao nusu yake ilijengwa na Gasto. Ukuta ukabaki, na jukwaa jipya la mashariki likajengwa mbele yake, na viti vyake vyote.

Siku hizi timu zinapita getini. Kamera zinawaona, na ligi inawatoza faini wakiruka. Vyumba vya kuvalia vina vigae. Mhina ana shahada ya mambo ya michezo, jambo ambalo sikujua kwamba linasomewa, na anapima nyasi kwa kifaa chenye kioo. Nilipomkabidhi funguo nilimwonyesha kila kitu isipokuwa komeo. Nilijiambia kwamba mlango umekwisha kazi yake na utazeeka kimya kimya pamoja nami. Kumbe mkaguzi alikuwa mtu wa kuegemea. Kwa maelezo ya Mhina, alikuwa amechoka na jua, akaliegemeza bega lake ukutani nyuma ya jukwaa la mashariki, na komeo likamchoma ubavuni.

Nilikuwa nimefika hapa kuandika, leo mchana, simu ikalia. Nilijua ni Mhina kabla sijatazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wametufungia?"

"Umekaa, mama?"

"Nimesimama. Sema, mwanangu, usinizungushe."

"Yule bwana alipanda juu kabisa ya jukwaa la mashariki. Akaniuliza, watu wa huku moto ukiwaka watatokea wapi? Nikatazama ramani, mama. Mageti yote matatu yako magharibi. Nikatazama tena."

Nilikuwa nimekaa.

"Akashuka mpaka kwenye ule mlango ambao wewe huujui," akaendelea, na nikasikia kwamba anacheka. "Akaufungua. Akaita machela kutoka kwenye gari la wagonjwa, wakaipitisha. Ilipita, kwa ubavu kidogo. Akasema huu upanuliwe kabla ligi haijaanza, upakwe rangi, uandikwe 'Dharura', nao ndio unaotuokoa. Bila huo asingetupitisha."

"Tumepita?"

"Tumepita, mama. Mechi ya kwanza ni hapahapa nyumbani." Nyuma yake nilisikia mashine ya kukata nyasi na mtu akiita mwenzake. "Ila kuna kitu kimoja. Anajaza ripoti yake, na kuna mahali pa aliyeujenga. Mimi siwezi kumwambia haujajengwa na mtu. Nimwandikie nani?"

Nikamtajia majina yangu matatu, pole pole, ili asikosee hata herufi moja, nikamwambia na la Gasto aliweke hapohapo chini.